Umeme Unapita Juu ya Nani? Aina za Njia za Kusafirisha Umeme na Maamuzi Yaliyomo Ndani Yake

Mhadhara wa wazi uliotolewa Morogoro

Nimefurahi kuwaona wenyeviti wa vijiji kadhaa kwenye viti vya mbele, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayosema jioni hii inawahusu moja kwa moja.

Lengo langu ni kwamba tukitoka hapa kila mmoja aweze kusimama mbele ya njia ya umeme, aitazame, na aseme ni ya aina gani na kwa nini ilichaguliwa hiyo badala ya nyingine. Nina dai moja nitakalolitetea hadi mwisho: aina ya njia ndiyo inayoamua nani atapata umeme na nani atabaki akiuangalia ukipita. Kwa hiyo uamuzi huo si wa wahandisi peke yao.

Morogoro ni mahali panapofaa kwa mada hii. Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu ilipoanza kufua umeme, ulihitajika kufika Dar es Salaam. Ikajengwa njia ya kilovolti 220 inayopita hapa, na kituo cha Msamvu ni pumziko lake. Watoto wengi wa mji huu wamekulia chini ya nyaya hizo bila mtu yeyote kuwaeleza zinafanya nini.

Hoja ya kwanza: msongo huamua umbali na hasara

Umeme ukipita kwenye waya, sehemu yake hugeuka joto na kupotea. Upotevu huo huenda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara inaongezeka mara nne. Lakini nguvu ile ile yaweza kusafirishwa kwa mkondo mdogo ikiwa msongo, yaani volti, ni mkubwa. Siri yote ya njia za umeme iko hapo.

Tupige hesabu, na wanafunzi wa kidato cha nne mnifuate. Tuna megawati 100 za kupeleka mjini kwa fezi tatu. Tukitumia kilovolti 33, kila waya utabeba takribani ampea 1,750. Kwa kilovolti 132 ni ampea 437. Kwa 220 ni ampea 262, na kwa 400 ni ampea 144 tu. Waya ukiwa ule ule na umbali ule ule, hasara ya kilovolti 33 ni mara 44 ya hasara ya kilovolti 220. Hakuna nchi inayoweza kubeba hasara hiyo kwa mamia ya kilomita.

Ndiyo maana Tanzania ina ngazi zake. Kilovolti 400, 220, 132 na 66 ni za kusafirisha. Kilovolti 33 na 11 ni za kusambaza. Zikifika kwenye transfoma ya mtaani zinashushwa hadi volti 400 za fezi tatu, au 230 za taa na pasi ya nyumbani. Kila ngazi inapokutana na nyingine, pana kituo cha kupoza umeme.

Utazitambuaje ukiwa barabarani? Tazama vikombe, yaani zile sahani za kauri au za kioo zinazoshikilia waya usiguse chuma cha mnara. Ukihesabu 9 au 10 katika mnyororo mmoja, hiyo kwa kawaida ni njia ya kilovolti 132. Vikiwa 14 hadi 16, ni 220. Vikifika 20 na kuendelea, umesimama chini ya 400, na hapo utaona jambo jingine: kila fezi haina waya mmoja, ina nyaya mbili, tatu au nne zilizotenganishwa kwa vishikizo vya chuma. Msongo ukiwa mkubwa hivyo, hewa inayouzunguka waya mmoja mwembamba huanza kupasuka kiumeme na nishati hupotea hewani. Nyaya zikienda kwa kikundi, tatizo hupungua, ingawa haliishi. Asubuhi ya ukungu, ukisimama karibu, utausikia mchachato wake. Siku hizi baadhi ya njia hutumia kikombe kimoja kirefu cha mpira maalumu badala ya mnyororo, basi hapo pima urefu kwa macho.

Nawaomba msiondoke mkidhani kwamba msongo mkubwa zaidi ndio bora siku zote. Umoja wa Sovieti ulijenga njia ya kilovolti 1,150 kutoka Ekibastuz kwenda Kokshetau, katika Kazakhstan ya leo, ikaanza kazi mwaka 1985. Dola ilipovunjika na mahitaji yakaporomoka, njia ile ikashushwa na kutumika kwa kilovolti 500. Kwetu, njia ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, ilijengwa kwa uwezo wa kilovolti 400 lakini ikaanza kutumika kwa 220, ikisubiri mzigo ukue. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kubomoa mnara mdogo ili usimike mkubwa ni gharama mara mbili, na ardhi ya mkuza, yaani ukanda unaopitiwa na njia, haipatikani mara ya pili kwa bei ya kwanza.

Hoja ya pili: mkondo geu au mkondo mnyoofu

Umeme wa majumbani mwetu ni wa mkondo geu: mwelekeo wake hugeuka na kurudi mara 50 kila sekunde. Ulishinda kwa sababu transfoma huweza kuupandisha na kuushusha kwa urahisi. Mwaka 1891 Wajerumani waliusafirisha wa fezi tatu kilomita 175, kutoka Lauffen hadi kwenye maonyesho ya Frankfurt, na kuanzia hapo dunia karibu yote ikafuata.

Mkondo geu, hata hivyo, una mipaka ya umbali. Wahandisi huita njia iliyo chini ya kilomita 80 fupi, ya kilomita 80 hadi 250 ya kati, na inayozidi hapo ndefu. Hayo si majina ya kupimia kamba tu. Njia ndefu ina tabia yake: usiku wa manane, watu wamezima vifaa na mzigo umepungua, msongo wa upande wa mwisho hupanda juu kuliko ulivyotoka kiwandani, na usipodhibitiwa unaharibu mitambo. Inabidi kufunga vifaa maalumu vya kuumeza umeme huo wa ziada. Kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo gharama hizo zinavyolimbikizana.

Umbali ukipita takribani kilomita 600 hadi 800, mkondo mnyoofu, usiogeuza mwelekeo, huanza kuwa na nafuu. Unatosheka na nyaya mbili badala ya tatu, minara yake ni myembamba zaidi, na nchi mbili zinaweza kuunganishwa bila gridi zao kulazimika kwenda hatua kwa hatua. Ghali ni vituo vya miisho miwili, vinavyogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu na kuurudisha. Afrika Mashariki sasa ina mfano wake: njia ya kilovolti 500 kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, yenye uwezo wa megawati 2,000. Iliwashwa mwaka 2022. Ukiona minara yake, mikono ni miwili tu, fungu moja la nyaya kila upande.

Lakini mfano ninaotaka tukae nao ni wa Kongo. Mwaka 1982 ilikamilika njia ya mkondo mnyoofu kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, kwa ndugu zetu wa Katanga wanaosema Kiswahili kama sisi. Urefu wake ni kama kilomita 1,700, na wakati ule hapakuwa na njia ndefu kuliko hiyo duniani. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Umeme wa mkondo mnyoofu huwezi kuuchomoa njiani bila kituo kingine cha ugeuzaji cha gharama kubwa, basi ukapita juu ya vijiji na miji mingi iliyobaki gizani, mwaka baada ya mwaka. Wahandisi hawakukosea hesabu zao. Hesabu yenyewe ilikuwa na miisho miwili tu: bwawa na mgodi. Waliokuwa katikati hawakuandikwa kwenye karatasi.

Hoja ya tatu: mnara una kazi yake

Hapa nitakwenda haraka kidogo, ila mafundi mnivumilie.

Kwa misongo midogo tunatumia nguzo za mbao, nyingi zikiwa za mikaratusi kutoka Mufindi na maeneo ya jirani, zilizotiwa dawa zisiliwe na mchwa. Siku hizi nguzo za zege zinaongezeka, hasa kwenye maji na ardhi ya chumvi. Kwa misongo mikubwa ni minara ya vyuma vilivyofungwa kwa bolti, na mijini, pasipo nafasi ya miguu minne, husimikwa nguzo moja nene ya chuma.

Katika njia moja minara si sawa. Mingi ni ya kupitisha: mnyororo wa vikombe umening'inia wima, waya unapita moja kwa moja. Kila baada ya masafa fulani, na kila penye kona, utaona mnara mpana zaidi ambao vikombe vyake vimelala, vimevutwa pande zote mbili. Huo ni mnara wa kukaza. Waya umekatwa pale na kufungwa upya, na kipande kifupi kinaurukia mnara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni kama fundo kwenye kamba ndefu: minara ya kupitisha ikianguka, mnyororo wa maanguko unatakiwa uishie pale.

Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka jijini Nairobi, na Kenya karibu yote ikazima. Uchunguzi ukaelekezwa kwenye hujuma na uharibifu wa vyuma. Ndugu zangu, anayefungua bolti ya mnara akauze chuma chakavu anaweza kuzima wodi ya watoto njiti iliyo kilomita 500 kutoka alipo. Hili tuliseme misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya bodaboda.

Jambo la mwisho kuhusu minara: mnara unaweza kubeba saketi moja, yaani nyaya za fezi tatu, au saketi mbili, mikono mitatu kila upande. Saketi mbili juu ya mnara mmoja zinaokoa ardhi na fedha. Kasoro yake ni wazi: mnara ukianguka, zote mbili zimekwenda. Kwa njia zinazobeba uhai wa nchi, mimi nashikilia kwamba njia mbili zinazopita sehemu tofauti ni bora, hata kama gharama inapanda.

Hoja ya nne: waya wenyewe

Kipande hiki nilichoshika kitapitishwa, mkione. Ukitazama mahali kilipokatwa, utaona katikati nyuzi 7 za chuma, na kuzizunguka nyuzi 30 za alumini. Alumini hubeba umeme, chuma hubeba uzito. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, lakini ni nzito, ni ghali, na huibiwa. Waingereza walizipa nyaya za namna hii majina ya wanyama. Hiki ni Wolf, kinachotumika sana kwenye kilovolti 132. Waya ukipata joto la mchana na mzigo mkubwa, hurefuka na kushuka. Urefu wa mnara na umbali wa nyumba hupangwa kwa kuangalia waya ulivyo siku ya joto kali, si ulivyo asubuhi ya baridi siku mliyokuja kupimiwa kiwanja.

Mara nyingi huulizwa: kwa nini msizike nyaya ardhini, yakaisha mambo ya minara? Kwa msongo mkubwa, kebo ya ardhini hugharimu mara kadhaa ya njia ya juu, na hitilafu yake haionekani kwa macho. Zanzibar inalijua hilo. Inategemea kebo za chini ya bahari, na mwaka 2008 Unguja ilikaa takribani mwezi mmoja bila umeme wa gridi, kisha tena kwa takribani miezi mitatu tangu Desemba 2009. Kebo mpya ya kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilizinduliwa mwaka 2013. Kisiwa hakina hiari. Bara tunayo, na njia ya juu itaendelea kuwa jibu letu kwa muda mrefu.

Hoja ya tano: walio chini ya waya

Nimefika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Kila njia inahitaji mkuza, ukanda wa ardhi usiojengwa nyumba wala kupandwa miti mirefu. Kenya, kwa mfano, njia ya kilovolti 132 hutengewa mita 30 na ya 400 mita 60. Zidisheni mita 60 kwa kilomita 400, mtaona ni mashamba kiasi gani. Gharama ya kulipuuza jambo hili ilionekana Turkana. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Ilisimama zaidi ya mwaka mmoja ikisubiri njia ya kilovolti 400 ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, hadi Septemba 2018. Mkandarasi wa kwanza alifilisika, na migogoro ya fidia ya ardhi ilikuwa mingi. Upepo ulivuma, hapakuwa na waya wa kuupeleka mjini.

Sasa lile swali ambalo kila mwenyekiti wa kijiji aliyepo hapa ameulizwa na wananchi wake: umeme unapita juu yetu, mbona sisi tuko gizani? Jibu tunalowapa siku zote ni kwamba kilovolti 220 haiwezi kuingia kijijini bila kituo cha kupoza, na kituo ni mabilioni. Jibu hilo ni kweli. Lakini si jibu lote.

Tazameni kilele cha mnara. Juu ya nyaya zote kuna waya mmoja au nyaya mbili nyembamba. Hizo ni za kinga ya radi: radi ikipiga, huipokea na kuipeleka ardhini kupitia mnara. Kwa kawaida zimefungwa moja kwa moja kwenye chuma. Profesa mmoja wa Roma, Francesco Iliceto, alipendekeza tuzishikize kwa vikombe vidogo, kisha tuzipitishie umeme wa msongo wa kati kutoka kituo kilicho mwanzo wa njia, na ardhi yenyewe itumike kama fezi ya tatu. Radi ikija, umeme wake huruka mwanya mdogo uliowekwa kwenye kikombe na kwenda ardhini, kwa hiyo kinga haipotei. Vijiji vilivyo kando ya njia vinafungiwa transfoma, na wanakijiji wanapata umeme wa fezi tatu wa kuendesha hata mashine ya kusaga. Minara ipo, mkuza upo, na gharama ya nyongeza ni ndogo ukilinganisha na kujenga njia mpya ya kilovolti 33. Ghana ilianza kuitumia kwenye njia zake za kilovolti 161 mwishoni mwa miaka ya 1980. Togo nayo inayo.

Mipaka yake ni ya kweli na sitaificha. Inabeba megawati chache tu. Inadai fito za chuma zinazopeleka mkondo ardhini zitunzwe vizuri. Na waya wa juu siku hizi mara nyingi hubeba mkongo wa mawasiliano ndani yake, kwa hiyo lazima uamue mapema upi utafanya kazi ipi. Neno kubwa hapa ni mapema. Kabla ya mnara kusimikwa, kuviweka vikombe vile ni mstari mmoja katika mkataba. Baada ya hapo ni kuzima njia nzima na kupanda kila mnara.

Kwa vijiji vilivyo mbali na njia kuu ipo aina nyingine: waya mmoja tu juu ya nguzo, ardhi ikirudisha mkondo. Lloyd Mandeno wa New Zealand aliianzisha mwaka 1925, na Australia imeitandaza katika mashamba yake makubwa. Mota ya fezi tatu haiwezi kufungwa pale bila kifaa cha ziada, lakini taa, friji ya chanjo, redio na kuchaji simu vinawezekana kwa sehemu ndogo ya gharama.

Tunakoelekea

Miaka ijayo itakuwa ya kujenga njia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na umeme wake hutoka kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Gridi yetu imeungana na ya Kenya kwa kilovolti 400 kupitia Namanga, na njia ya kuelekea Zambia inajengwa. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, unagawanywa kati yetu, Rwanda na Burundi kwa njia za kilovolti 220. Uzalishaji tumeupigania na tumefika mbali. Udhaifu wetu sasa uko njiani, na fedha na akili zetu zielekezwe huko.

Kwa wahandisi vijana, naomba kila mchoro wa njia mpya uonyeshe vijiji vilivyo ndani ya kilomita 20 kila upande, na maelezo ya namna vitakavyopata umeme. Kwa walimu, wapelekeni wanafunzi Msamvu, ombeni ruhusa, wahesabu vikombe. Na kwenu wenyeviti wa vijiji: wapimaji watakapofika na mkutano ukaitishwa kuhusu mkuza, msiishie kwenye bei ya mwembe na mnazi. Ulizeni ni msongo gani, ni saketi ngapi, waya wa juu umetengewa kazi gani, na kijiji hiki kitaunganishwa mwaka gani. Ombeni majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, yapigwe mhuri, na nakala ibaki ofisini kwenu.